Hema likivuja, siri nayo huvuja

Mwezi huu sikuletei mada ya kuazima kwa jirani. Nakuletea ya ndani kwangu mwenyewe, na kabla ya kushika kalamu niliomba ruhusa kwa mume wangu. Alifikiria siku mbili nzima, kisha akasema, "Andika, ila jina langu usilitaje." Haya bwana, jina silitaji.

Kwa wasomaji wapya, mimi ni mtoto wa Tanga na mwenzangu ni Msukuma. Kwao ni Mwakitolyo, Shinyanga Vijijini, katika ule ukanda wa dhahabu unaokwenda mpaka Kahama na Geita. Tuna miaka minne ya ndoa, hatujajaaliwa mtoto bado, na tumepanga nyumba Dar es Salaam. Yeye anashughulika na kompyuta katika ofisi fulani, mimi ni mhasibu. Hilo la uhasibu liweke pembeni, tutalirudia.

Sasa bwana, kwa muda wa miezi minane hivi simu ya mume wangu ilikuwa na tabia mbaya. Inaita saa tatu usiku, anaitazama, anatoka nayo barazani. Akirudi, hata chakula hakipandi. Ukimuuliza nani, anasema mtu wa kazini. Siku moja akiwa anaoga nikachungulia (usinihukumu, na wewe umewahi) nikakuta jina "Fundi Solwa". Fundi gani anapiga simu saa tatu usiku? Nikasema basi, hii ni nyumba ndogo, imebandikwa jina la fundi. Nikawaeleza mashoga zangu wawili, nao wakaniambia bila kusita kwamba ndiyo yenyewe. Wanawake tukishakaa watatu, ushahidi wa nini tena?

Kwa hiyo mwezi wa kumi na moja aliponiambia tuchukue likizo Desemba, tukapige kambi kwao, tulale kwenye hema, tutembee mashambani, kisha tumalizie na siku tatu jijini Mwanza, nilijiambia moyoni: amejirudi. Huyu anataka kutubu, ila anatafuta mahali.

"Hema? Desemba? Na ile mvua ya kwenu?" nilimuuliza. Kule mvua huanza Oktoba au Novemba na kuendelea mpaka Aprili au Mei.

"Mvua ndiyo raha yenyewe," akajibu. "Wawili, hema moja, mvua inagonga juu. Unataka nini tena?"

Kwa kweli hapo sikuwa na la kupinga. Tukaazima hema kwa rafiki, tukanunua taa ya betri na mabuti ya mvua, tukaondoka.

Turubai jipya porini

Tulipanda ndege mpaka Mwanza, tukakodi gari la binamu yake, tukashika njia ya Shinyanga. Mwanangwa tuliacha lami, tukaingia njia ya Misasi, Salawe na Solwa. Mpenzi msomaji, kama hujawahi kuendesha gari kwenye udongo mweusi wa Usukumani wakati wa mvua, shukuru Mungu. Wenyewe wanauita mbuga. Ukiwa mkavu unapasuka nyufa za kumeza mguu, ukilowa unakuwa kama ugali wa moto. Tulikwama mara mbili. Mara ya pili tulitolewa na vijana waliokuwa wakitoka kutengeneza majaruba ya mpunga, wakagoma hata kupokea hela ya soda. "Wabeja," nikawaambia, ndilo neno la Kisukuma nililokuwa nalijua vizuri, maana yake asante. Wakacheka mpaka basi.

Mama mkwe alitupokea kwa furaha, mpaka alipoliona hema likishushwa.

"Hilo la nini?"

"Mama, tutalala kule juu kwenye mawe," mume wangu akasema.

Akamtazama mwanawe, akanitazama mimi, akarudi kwa mwanawe. "Mmegombana na nani? Nyumba ina vyumba vitatu. Unampeleka mtoto wa watu akalale nje kama mchunga ng'ombe?"

Ilibidi nipige magoti nimsalimie upya na kumbembeleza kwamba ni mapumziko tu, watu wa mjini ndivyo tulivyo siku hizi. Akaguna. Lakini alitupa michembe, vile viazi vitamu vilivyokatwa na kukaushwa, na karanga, na chungu cha maziwa ya mgando, kana kwamba tunakwenda safari ya wiki tatu. Palikuwa umbali wa dakika kumi kwa miguu.

Mahali penyewe palikuwa pazuri usipime. Mgongo wa mchanga, mawe makubwa ya mviringo yamepandana nyuma yetu, chini yetu mashamba, na ng'ambo vibanda vya machimbo kwa mbali. Hatujamaliza kupigilia vigingi, watoto wakaja. Baada ya watoto wakaja vijana watatu na sululu begani. Baada ya vijana akaja mama mmoja na beseni la maandazi.

"Kaka, mmeshapiga sampuli?" kijana mmoja akauliza.

"Sampuli ya nini? Tunapumzika."

"Mnapumzika kwenye turubai?"

Hapo ndipo nilipoelewa. Katika ukanda ule, mgeni akisimamisha turubai jipya mahali pasipo na nyumba, maana yake ni moja: ameona dalili ya dhahabu, na rashi inakuja. Rashi ni pale mawe ya dhahabu yanapoonekana mahali na watu wakamiminika kutoka kila kona kabla jua halijazama. Mama wa maandazi yeye hakutaka ubishi, alijua penye rashi panahitajika chai. Tulinunua maandazi ya elfu mbili ili watuamini. Hawakutuamini. Usiku ule niliona tochi mbili zikizunguka nyuma ya mawe, wanagonga gonga.

Tulicheka mpaka machozi. Mvua ikaja taratibu, manyunyu tu, ikagonga juu ya hema kama alivyoahidi. Nikalala kifuani kwake nikijua kesho atatubu kuhusu Fundi Solwa, na mimi nitajifanya kukasirika kidogo, kisha nitasamehe.

Nyumba ndogo ya mita 25

Kesho yake tulitembea karibu siku nzima. Alinionyesha shule aliyosoma, mbuyu waliokuwa wakipanda wakiwa watoto, njia ya kuchungia. Alinifundisha kutazama udongo: huku juu mchanga mwepesi wanauita luseni, na unazidi kuwa mzito na mweusi kadiri unavyoshuka mpaka mbugani. Mahindi na karanga huku, mpunga kule. Wakulima walikuwa wameinama majarubani na ng'ombe wanavuta plau. Nilivua mabuti nikatembea pekupeku. Nilikuwa nimesahau kwamba mume wangu anaweza kuongea saa nzima bila kushika simu.

Jioni tunarudi hemani, tukakuta kijana amekaa kwenye jiwe, ana matope mpaka kwenye nyusi. Akasimama haraka.

"Shikamoo bosi. Shikamoo mama." Kisha, bila hata kungoja marahaba: "Bosi, afadhali umekuja mwenyewe. Duara limejaa maji mpaka nusu. Mota imekufa. Nimekupigia jana mara nne."

Nikamtazama mume wangu. Mume wangu akatazama chini.

"Wewe ndiye Fundi Solwa?" nikamuuliza kijana.

"Ndiyo mama," akasema kwa fahari. "Nyumbani ni Solwa."

Mpenzi msomaji, nilitamani kucheka. Ilikuwa kama mzigo umenitoka. Miezi minane ninamwonea wivu mwanamke asiyekuwepo! Kumbe nyumba ndogo ya mume wangu ni shimo la mita 25 lenye maji ndani yake. Kicheko hicho kilidumu mpaka nilipouliza swali la kihasibu.

Nililiuliza usiku, ndani ya hema, na usiku ule mvua haikuwa manyunyu. Ilikuja na upepo na radi, mawe yanaitika. Kumbe hema letu lilikuwa na mshono uliolegea. Likaanza kuvuja kichwani, tukageuka. Likavuja miguuni, tukaketi. Tukawa tumekaa katikati kama kuku wawili, magodoro yamelowa, taa inawaka katikati yetu.

"Shilingi ngapi?" nikauliza.

"Milioni sita."

Mvua ikagonga. Nikangoja.

"Na laki nne," akaongeza.

Zile zilikuwa hela za kiwanja. Tulikuwa tumezichanga miaka mitatu. Aliniambia ameziweka benki kwenye akaunti ya muda maalumu, na siku moja alinitajia mpaka riba yake. Mimi, mhasibu, ambaye kazini nikikuta risiti ya elfu tano haina mhuri siku haiishi, nyumbani sikuwahi kuomba hata kipande cha karatasi. Niliona kumwomba mume wangu karatasi ni kumvunjia heshima.

Nikamwambia anieleze yote, toka mwanzo, na asiruke kitu. Nami nitakueleza kwa kifupi, kwa sababu wapo wengi mijini wanaotuma hela kwenye maduara bila kujua mambo yanavyokwenda. Duara ni shimo la kuchimbia. Ardhi ina mwenye leseni, mara nyingine na mwenye shamba, na hao wana fungu lao. Mfadhili, yaani mtu kama mume wangu, ndiye analisha vijana wanaochimba, ananunua magogo ya kuzuia kuta zisianguke, ananunua mafuta ya mota na baruti. Vijana hawana mshahara. Wanangoja mawe. Mawe yakitoka yanagawanywa kwa mifuko, yanakwenda kwenye karasha kusagwa, yanaoshwa, zebaki inakamata dhahabu. Mchanga unaobaki, marudio, nao una soko lake kwa wenye mitambo ya kuchenjua. Siku hizi kuuza si tatizo, masoko ya madini ya serikali yapo tangu 2019. Tatizo ni kuyafikia hayo mawe. Yasipotoka, hakuna anayelipwa. Kwa hiyo mfadhili ndiye wa kwanza kutoa na wa mwisho kupata.

"Kwa nini hukuniambia?"

Alikaa kimya muda. "Kila mwezi nilisema nitamwambia tukishapata. Nikipata nitamshtukiza na hati ya kiwanja mkononi. Siri ikifanikiwa si inaitwa sapraizi?"

"Na isipofanikiwa?"

Hakujibu. Tone la maji lilimpiga kwenye pua. Siku nyingine tungecheka.

Nilimwambia maneno mengine ambayo hayafai gazetini. Naye akaniambia jambo ambalo limebaki kichwani mwangu mpaka leo: "Mjini mimi ni mtu wa mshahara. Nikija huku, kila mtu ananiuliza nina nini Mwakitolyo. Wenzangu niliosoma nao wana maduara. Nilitaka na mimi niwe na kitu kwetu." Saa kumi za usiku mvua ilipungua. Hatukulala, na hatukushikana mikono.

Somo la ngitili

Asubuhi mama mkwe alikuja mwenyewe na chai. Alitukuta tunaanika magodoro juu ya mawe, nyuso zimevimba. Hakuuliza. Alinichukua mimi peke yangu, akasema twende tukatafute mboga.

Tulitembea mpaka penye ngitili ya ukoo wao. Kwa wasioijua, ngitili ni eneo la malisho linalofungwa wakati wa mvua, majani na miti ikue, ng'ombe wasiingie mpaka kiangazi kikali. Ni utaratibu wa zamani wa Wasukuma. Miaka ya 1980 Shinyanga ilikuwa imechakaa kwa kukata miti, mpaka watu wakaiita jangwa, na mradi wa HASHI ulioanza 1986 ulipotafuta dawa, dawa kubwa ikawa hii hii ya mababu: funga eneo, liache lipumzike. Kazi hiyo ilipata tuzo ya kimataifa ya Equator mwaka 2002. Leo ukisimama pale unaona migunga na nyasi za kiunoni, na ndege wanaimba kama hawana deni.

"Hii inafunguliwa lini, mama?" niliuliza.

"Njaa ya ng'ombe ikifika. Lakini hafungui mtu mmoja," akasema huku akichuma mlenda. "Zamani, ukiingiza ng'ombe wako kimya kimya, unaitwa kwenye dagashida." Dagashida ni baraza la kijiji, na faini yake si ya mchezo. "Hata kama ng'ombe wako anakufa. Unasema kwanza, watu wanasikia, ndipo mnafungua. Ukificha, hata ukiingiza ndama mmoja umeiba."

Sijui alikuwa anajua kiasi gani. Akina mama wakwe wana redio yao. Lakini nilisimama pale na mboga mkononi, na nikaona tofauti ambayo usiku hasira haikuniruhusu kuiona. Mume wangu hakuwa amekunywa zile hela wala kuhonga. Alikuwa ameingiza ng'ombe kwenye ngitili peke yake, usiku.

Na nikaona jingine, lililonifanya nisimtazame mama mkwe usoni. Hilo nitakueleza tukifika Mwanza.

Nani atashuka?

Saa nne tulikwenda machimboni, wote wawili. Mimi ndiye niliyetaka. Duara lenyewe ni tundu la mraba, mdomo wake umejengwa kwa magogo, kuna winchi ya mkono na kamba. Ukichungulia unaona giza, kisha maji yanang'aa chini. Vijana sita walikuwa wamekaa chini ya turubai. Walinipa ndoo niikalie, wakanisalimia kwa heshima zote.

Fundi Solwa akafungua hesabu. Pampu ya kukodi na mafuta, laki sita. Mwamba wenyewe wameukaribia, bado kidogo tu. Maji yakitoka leo, keshokutwa wanapiga.

Mume wangu akanitazama. Kwenye mkoba tulikuwa na laki nane, hela ya hoteli ya Mwanza. Niliona kabisa kwamba moyo wake umeshalipa.

Nikauliza swali moja: "Maji yakishatoka, na mvua hii, nani atashuka?"

"Mimi, mama," akasema Fundi Solwa. Nilimkadiria miaka ishirini na miwili. Mdogo wangu wa mwisho ana umri huo.

Msomaji, labda unakumbuka Januari 2024, Ikinabushu, Wilaya ya Bariadi, mkoa jirani wa Simiyu. Mvua zilikuwa kubwa, udongo ukaporomoka machimboni, watu zaidi ya 20 wakapoteza maisha. Ukiisikia kwenye redio ukiwa Dar unasema masikini, unabadilisha stesheni. Ukiwa umekaa kwenye ndoo na anayeshuka anakutazama usoni, huna stesheni ya kubadilisha.

Mume wangu alivua kofia yake, akaigeuza geuza mikononi. Mwisho akasema kwa Kisukuma, kisha akanitafsiria, kwamba mpaka kiangazi hakuna mtu kushuka kwa hela yake.

Usidhani walishangilia. Kijana mmoja alikasirika kweli. "Bosi, sisi miezi minane hatuna mshahara. Tukikaa tutakula nini?" Na swali lake lilikuwa halali kuliko letu la kiwanja. Sisi tumepoteza akiba, wao wamepoteza msimu. Tukasogea pembeni mimi na mume wangu, na kwa mara ya kwanza siku ile tukaongea kama watu wa nyumba moja. Tukatoa laki tano kwenye zile za hoteli, tukawagawia mbele yao wote, kila mmoja akahesabu zake. Huo haukuwa ukarimu, lilikuwa deni.

Usiku ule tulilala nyumbani kwa mama. Aliona hema linarudishwa garini, akasema tu, "Ee, afadhali."

Jiji la miamba kwa laki tatu

Mwanza tulifikia gesti ya kawaida, feni na chandarua, basi. Na niseme ukweli, tungelala kwenye hoteli ya kioo kando ya ziwa tusingetembea kama tulivyotembea. Ukiwa huna hela unatumia miguu.

Siku ya kwanza tulikwenda Bujora, Kisesa, njia ya Musoma, kwenye makumbusho ya Wasukuma yaliyoanzishwa na Padre David Clement, mmisionari kutoka Kanada. Tuliona ngoma za kitemi zimepangwa, tukaelezwa habari za Bagika na Bagalu, vile vikundi viwili vya ngoma vinavyoshindana kuvuta watazamaji, kila kimoja na dawa zake za siri. Mume wangu alinikonyeza. "Sisi ni Bagika na Bagalu," akasema. Ilikuwa mara ya kwanza nacheka tangu lile tone la puani.

Siku ya pili tulitazama lile jiwe la Bismarck lililosimama majini kama limewekwa kwa mkono, ambalo hadi leo limebaki na jina la Kansela wa Ujerumani wa enzi zile. Tukala sato wa kukaanga kwa mikono, tukapita soko la samaki la Kirumba Mwaloni kuona magunia ya dagaa yakipakiwa. Mvua ilitukuta pale, tukajibanza chini ya bati moja na wachuuzi, na hakuna aliyetuuliza kama tumepiga sampuli.

Siku ya tatu, tukapanda boti kutoka Capri Point kwenda Saanane. Ni kisiwa kilichopewa jina la mzee aliyekuwa akiishi pale kabla ya serikali kukifanya bustani ya wanyama miaka ya 1960, na tangu 2013 ni hifadhi ya taifa, ndogo kabisa, ndani ya jiji. Kuna swala, pimbi, na mijusi ya rangi mbili inayoota jua kama watalii. Tulipanda mpaka juu ya mwamba. Ziwa chini, jiji ng'ambo, nyumba zimekaa juu ya mawe. Hapo ndipo nilipolitapika lililonikaba tangu kule kwenye ngitili.

"Na mimi nina duara," nilimwambia.

Mwaka juzi nilichukua mkopo wa milioni mbili kwenye SACCOS ya kazini, nikaezeka upya nyumba ya mama yangu Tanga. Makato yake, laki moja kila mwezi, yalikuwa yakitoka kwenye mshahara wangu. Mume wangu alipouliza kwa nini mshahara umepungua, nilimwambia kodi imepanda. Naye akalaani serikali jioni nzima.

Kwanza alicheka, kicheko kikubwa mpaka pimbi wakakimbia. "Mhasibu!" akasema. "Kodi imepanda!" Kisha kicheko kikakata ghafla, akawa kimya, akatazama ziwa. Alipoongea sauti ilikuwa ndogo.

"Mama yako alikuwa analala ndani ya nyumba inayovuja, na wewe ukaona mimi nitakataa?"

Hilo liliniuma kuliko milioni sita. Sikuficha hela tu. Nilikuwa nimemhukumu kwa kosa ambalo hakuwahi kupewa nafasi ya kulifanya. Na yeye vilevile: aliona nitamcheka kwa kutaka kuwa na kitu kwao. Kila mmoja alimwandikia mwenzake jibu, akalisoma mwenyewe, akanuna.

Tulikaa pale mpaka mtu wa boti akatupigia mluzi.

Tulichokubaliana

Kiwanja tumekisogeza mbele miaka miwili. Hilo linauma na sitakudanganya kwamba haliumi. Kuna siku napita njia ya Bagamoyo, naona vibao vya viwanja, naangalia upande mwingine. Lakini haya ndiyo tuliyoyaandika kwenye daftari, jioni ile ile gesti:

Kwanza, tuna ngitili moja. Akaunti ina saini mbili na taarifa ya benki tunaisoma pamoja kila mwisho wa mwezi, tukiwa tumeshiba. Haifunguliwi na mmoja, hata kwa jambo jema.

Pili, kila mtu ana hela yake ndogo ya mfukoni ambayo haulizwi. Asiyekuwa na hata shilingi moja ya kwake ndiye atakayeiba ya wote.

Tatu, wazazi wa pande zote mbili wamo kwenye bajeti, kwa majina. Bati la mama yangu na pembejeo za mama yake. Ukishaliandika, halina haja ya kuitwa kodi.

Nne, mmoja wetu akitaka kuingia biashara, mwenzake aende aione kwa macho yake kwanza, awaone na watu watakaoifanya.

Na kwa mnaotaka kwenda kambi wakati wa mvua, maana najua mtauliza: jaribuni hema nyumbani kwa kulimwagia maji kabla ya safari. Lisimamisheni kwenye mwinuko wa mchanga, kamwe si kwenye udongo mweusi, na mbali na mti mrefu ulio peke yake kwa sababu ya radi. Chimbeni mfereji kulizunguka. Msisahau chandarua. Na katika ukanda wa dhahabu, wapeni taarifa wenyeji na ofisi ya kijiji kabla ya kupigilia kigingi, la sivyo mtaamka mmezungukwa na sululu.

Fundi Solwa bado anapiga simu saa tatu usiku. Vijana wawili wamerudi kulima mpunga, mmoja amehamia duara jingine, na yeye mwenyewe anafanya kazi kwenye karasha wakati tunangoja kiangazi tuone kama lile shimo linafaa kuendelezwa au kuuzwa. Tofauti ni kwamba siku hizi mume wangu hatoki barazani. Anaweka spika, na kijana wa watu anaanza kwa kusema, "Shikamoo mama, bosi yupo?"

Wewe je, mpenzi msomaji? Duara lako liko wapi? Usingoje hema livuje.

Tukutane mwezi ujao, panapo majaaliwa.